Impreza STI ya 1999 yenye tabo: niweke oili gani, 5W-30, 5W-40 au 20W-50?

Boksa99 aliandika:

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri wa watu wanaojua maana kila ninayemuuliza ananipa namba yake. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 1999, ile ya bodi ya GC8 yenye injini ya EJ20 ya tabo. Ni gari ya kutembelea kila siku ila mara moja moja naipeleka traki, na kule naikanyaga kweli, raundi zinapanda mpaka karibu na mstari mwekundu na tabo inapiga muda wote. Injini haijawahi kufunguliwa kwa ninavyojua, kilomita zimevuka laki na nusu, moshi haitoi, oili inapungua kidogo tu kati ya sevisi na sevisi.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Nilifungiwa geji ya presha ya oili, ya umeme, na nikitoka traki gari ikiwa imechemka, nikiiacha sailensa, yani inawaka bila kukanyagwa, mshale unalala karibu kabisa na sifuri. Nikikanyaga mafuta unapanda. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haijawahi kuwaka hata siku moja. Fundi wangu kasema injini imezeeka, mwaga hiyo weka 20W-50 utaona mshale unasimama. Jamaa yangu mwenye gari kama hii anatumia 5W-30 na ananiambia oili nzito itaua tabo. Muuza oili naye kaniletea 0W-20 yenye alama ya API SP (daraja la ubora la taasisi ya mafuta ya Marekani), anadai ndo ya kisasa kuliko zote kwa hiyo ndo bora kuliko zote. Sa hivi ndani kuna 10W-40 ya minero, aliyeniuzia gari ndo alikuwa anaitumia.

Nilipo hakugandi barafu, asubuhi kibaridi cha kawaida, mchana joto. Injini hii naipenda na sitaki inoki kwa sababu ya oili. Nifuate nani?

---

GiaYaTano alijibu:

Mkuu 0W-20 achana nayo kabisa kwenye hiyo EJ. Herufi mbili za API zinakwenda na wakati, SJ ilikuwepo enzi gari yako inatengenezwa, SL ikaja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Kila mpya inapita majaribio zaidi ya iliyotangulia, hilo kweli, lakini herufi hazikuambii uzito wa oili. Unaweza kupata 5W-30 ya SP na 20W-50 ya SP. Huyo muuzaji kachanganya vitu viwili. 0W-20 imetengenezwa kwa injini ambazo nafasi za beringi na pampu vilipigiwa hesabu kwa oili nyepesi, lengo kubwa likiwa kubana matumizi ya mafuta. Yako haikupigiwa hesabu hiyo.

5W-40 sintetiki, maliza kazi.

---

Fundi_Mkongwe alijibu:

Mi nimeshika hizi boksa, injini za silinda zilizolala, miaka mingi na namuunga mkono fundi wako. 20W-50 siyo dhambi. Injini ya zamani nafasi zimeongezeka, oili nyepesi inapita tu, presha inashuka, vyuma vinakutana. Na kama hamniamini fungueni vitabu vya Subaru vya miaka ile muangalie jedwali, wameandika wenyewe kwamba kwa sehemu za joto kali au gari inayofanya kazi ngumu kama kuvuta tela, 10W-50, 20W-40 na 20W-50 zinaruhusiwa. Siyo maneno ya gereji hayo, ni ya waliotengeneza gari.

Vijana mnaogopa oili nzito kwa sababu ya kusoma matangazo.

---

DadaPistoni alijibu:

Fundi shikamoo. Kuhusu jedwali uko sahihi na nashukuru umelitaja, watu wengi hawalijui, wanashika namba moja tu iliyoandikwa kwa wino mzito. Lakini hapa kuna kitu tunakiruka. Boksa99 hajauliza tu oili gani, ametuambia mshale unalala. Hizo ni habari mbili tofauti na ukizichanganya utatumia oili kuficha ugonjwa. 20W-50 itainua mshale hata kama skrubu za pampu zimelegea, hata kama beringi ya konrodi imeanza kulika. Mshale utasimama vizuri, wewe utafurahi, na injini itaendelea kufa taratibu kule chini.

Boksa99, kabla hujanunua oili yoyote ipime presha kwa geji ya mekanika, ile ya bomba, siyo ya umeme. Toa swichi ya taa ya oili funga bomba la geji hapo hapo. Pasha injini mpaka oili yenyewe ipate moto, siyo maji, maana mshale wa maji ukisimama katikati oili bado iko nyuma sana, endesha angalau robo saa zaidi. Manuali ya ufundi ya hizi EJ inataka angalau kPa 98 kwenye raundi 600 na kPa 294 kwenye raundi 5,000, oili ikiwa nyuzi 80. Kwa lugha ya geji nyingi hiyo ni kama bar 1 sailensa na bar 3 kwenye raundi 5,000. Ukiwa traki oili inapita nyuzi 80 kwa mbali kwa hiyo namba zitakuwa chini kidogo, usishtuke.

Kingine, umesema taa haijawahi kuwaka. Taa ile inaendeshwa na swichi tu, haipimi kitu, inawaka presha ikishakaribia kuisha kabisa. Kwa hiyo kutowaka kwake hakuna maana kwamba uko salama. Ila kama geji inasoma karibu na sifuri na taa haipepesi hata kidogo, mi naanza kuishuku geji. Angalia sensa yake. Kama ni ya waya mmoja basi earth yake, yani njia ya umeme kurudi, inapita kwenye nyuzi za kufungia za sensa yenyewe mpaka kwenye bloku, na mafundi wengi huzizungushia teipu nyeupe ya mabomba ili isivuje. Teipu ikijaa, earth inakuwa mbovu na mshale unasoma uongo, hasa vitu vikichemka. Ichomoe uone.

---

GiaYaTano alijibu:

Hapo dada umenena. Na ikikutwa presha ni ndogo kweli, kwenye EJ angalieni mambo mawili kwanza kabla ya kuanza kulaumu beringi. Pampu ya oili kwa nyuma ina bati lililofungwa kwa skrubu, zile skrubu zinalegea zenyewe kwa miaka, oili inarudi ndani ya pampu badala ya kwenda mbele. Dawa yake ni kufungua, kusafisha, kuzirudisha kwa gundi ya skrubu na kukaza inavyotakiwa, basi. La pili ni bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwenye injini hizi za tabo linaweza kupata ufa pale lilipochomelewa, pampu inavuta hewa pamoja na oili. Ufa wa namna hiyo haukusubiri, unakaa kimya halafu siku moja konrodi inapiga kelele.

Oili nzito haizibi ufa.

---

Boksa99 aliandika:

Asanteni sana aisee, nimejifunza kitu. Kesho naenda kwa fundi na geji ya bomba, nitarudi na majibu. Ila wakati nasubiri, hebu mtu anieleweshe hizi namba zinafanyaje kazi, maana kila mtu anasema nzito na nyepesi lakini kwenye kopo kuna namba mbili. Na sintetiki na minero je, ina tofauti kweli au ni jina tu?

---

DadaPistoni alijibu:

Ngoja nikuandikie kwa urefu maana hapa ndo watu wengi wanapotea.

Namba yenye W inahusu baridi peke yake. 5W inapimwa jinsi injini inavyoweza kuzungushwa na oili hiyo kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W ni 25 chini, 15W ni 20 chini, 20W ni 15 chini. Wewe usiyeona barafu zote hizo zitawaka bila shida. Faida ya W ndogo kwako ni kwamba asubuhi oili inafika haraka juu kwenye kemshafti na kwenye tabo, halafu inapasha upesi. 20W-50 ya kawaida kwenye nyuzi 40 ina mnato wa kama 160 kwa kipimo cha sentistoki, 5W-40 iko kama 85, karibu nusu. Kwa hiyo asubuhi ukiwasha na 20W-50 ukakanyaga hapo hapo, presha kwenye geji inapanda juu unafurahi, kumbe oili inasukumwa kwa shida na valvu ya baipasi ya filta inaweza kufunguka, oili ikapita bila kuchujwa.

Namba ya pili ndo inayohusu injini ikiwa moto. Wanaipima kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 lazima iwe na mnato kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Hapo ona kwamba 5W-40, 10W-40 na 15W-40 zikiwa moto zote ni familia moja. Anayekwambia 15W-40 ni nzito kuliko 5W-40 injini ikiwa imechemka hajasema sawa.

Sasa kiini chenyewe. Injini yako haisomi namba ya kwenye kopo, inaona mnato ulioko pale kwenye beringi kwa joto la wakati huo. Oili ya 40 ikifika nyuzi 120, joto la kawaida kabisa kwa tabo iliyokanyagwa traki, mnato wake unashuka mpaka kama 9 hivi. Yani imekuwa sawa na 30 nyepesi iliyoko nyuzi 100. Na oili ya 30 kwenye nyuzi 120 inashuka mpaka kama 7, huko ni eneo la 20. Umeona? Kwa hiyo swali la kwanza siyo gari ina miaka mingapi, swali ni oili yako inafika nyuzi ngapi. Mtu anayetembea mjini na STI kama yako, oili ikizunguka nyuzi 90 mpaka 100, anaweza kuwa salama na 30 nzuri. Wewe unayeenda traki siyo. Ukifunga geji moja tu kwenye maisha ya hiyo gari funga ya joto la oili.

Halafu kuna kipimo kinaitwa HTHS, hiki hakiko mbele ya kopo, kiko kwenye karatasi ya kitaalamu ya oili. Kinapima mnato kwenye nyuzi 150 huku oili ikisagwa kwa kasi kubwa, hali ile ile iliyoko kati ya kranki na beringi ambapo utando wa oili ni mwembamba kuliko unywele. Kwa nini ni muhimu? Oili za namba mbili zimeongezewa polima zinazozuia isilegee sana ikipata joto. Zile polima zikiwa kwenye mgandamizo mkali zinajinyoosha na oili inakuwa nyepesi kuliko ulivyodhani, na zikisagwa muda mrefu zinakatika moja kwa moja, oili uliyoweka ikiwa 50 unaimwaga ikiwa 40. Kwa kipimo hiki, ambacho namba zake siyo zile sentistoki za juu, 20 inatakiwa angalau 2.6, 30 angalau 2.9, 5W-40 na 10W-40 angalau 3.5, na 50 ni 3.7 kwenda juu. Kwa tabo ya zamani inayokimbizwa mi sishuki chini ya 3.5, na nikipata 3.8 au 4 nafurahi zaidi.

Njia rahisi ya kuijua bila kutafuta karatasi ni kugeuza kopo nyuma utafute ACEA A3/B4, daraja la watengeneza magari wa Ulaya. Ukiona hiyo, HTHS haipungui 3.5, wameshabanwa na daraja hilo. Ukiona A5/B5 iache, ile imeruhusiwa kuwa chini ya 3.5. C3 nayo ni 3.5 kwenda juu lakini imepunguziwa fosforasi na majivu ili kulinda filta za moshi za dizeli, gari yako haina hiyo filta kwa hiyo hakuna sababu ya kujipunguzia.

Sintetiki na minero nitamwachia mwingine, vidole vimechoka.

---

Mvuke alijibu:

Naidaka mimi. Jina "sintetiki" kwenye kopo halikuambii kitu kimoja kila mahali. Oili za msingi zimegawanywa makundi matano, la kwanza na la pili ni minero, la tatu ni minero iliyosafishwa na kubadilishwa kwa hidrojeni mpaka inakaribia sintetiki, la nne ni PAO ambayo inajengwa kiwandani, la tano ni mengine yote zikiwemo esta. Mwaka 1999 kule Marekani Mobil walilalamika kwamba Castrol wanaita kundi la tatu sintetiki, chombo cha kusimamia matangazo kikaamua upande wa Castrol, tangu hapo kundi la tatu linauzwa kama sintetiki karibu dunia nzima. Ujerumani ni tofauti.

Je hiyo inamaanisha kundi la tatu ni baya? Hapana. Kundi la tatu lenye viongezo vizuri linapita vibali vikali vya watengeneza magari bila tatizo. Ila minero ya kawaida kwenye tabo mi siwezi kuishauri, na sababu ni moja tu inayotosha. Shafti ya tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, inaelea juu ya oili, na upande wake mmoja kuna moshi unaotoka moja kwa moja kwenye injini. Ukizima gari ghafla ikiwa moto, oili iliyobaki kwenye ile nyumba ya beringi inakaangwa. Minero inaacha masizi magumu meusi, na masizi hayo yanajijenga kwenye njia ya oili ambayo tayari ni nyembamba. Sintetiki nzuri inavumilia joto hilo muda mrefu zaidi kabla ya kuharibika. Tabo ya EJ inapozwa na maji pia, na lile tanki dogo la maji limewekwa juu kuliko tabo ili maji yaendelee kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, ni kazi nzuri sana ya uhandisi, lakini ukitoka traki bado endesha polepole dakika chache kabla hujazima.

Na kuhusu ile hofu kwamba sintetiki inavujisha injini za zamani. Sintetiki za mwanzo kweli zilikuwa zinasinyaza sili, hizi za sasa zimesawazishwa. Kinachotokea mara nyingi ni sili ilishakufa zamani, uchafu ndo ulikuwa umeziba, sabuni ya oili mpya ikausafisha na uvujaji ukaonekana. Dawa ni kubadili sili.

---

Fundi_Mkongwe alijibu:

Marahaba dada. Haya mmenieleza na la kupima presha kwanza nalikubali bila ubishi, hata mimi kwenye gereji yangu sibadilishi uzito wa oili kabla ya kupima. Ila msiitupe 50. Kwa traki kwenye joto 10W-50 au 15W-50 sintetiki ni oili sahihi, na dunia nzima wanaitumia kwa magari ya aina hii. BMW wenyewe wanataka 10W-60 kwenye M3 ya E46. Kosa ni ile 20W-50 minero ya bei rahisi kuwekwa kama dawa ya uzee.

---

DadaPistoni alijibu:

Fundi hapo tuko pamoja kabisa. Naongeza tu kwamba mfano wa M3 hauhami kwenda kwenye kila injini. Honda S2000 ya kwanza inazunguka mpaka 9,000 na kitabu chake kinasema 10W-30. Raundi peke yake haziamui uzito, ni nafasi za beringi, pampu, na jinsi oili inavyopozwa. Ndo maana kitabu cha gari yako na geji ya joto vina thamani kuliko kopo la jirani.

---

Boksa99 aliandika:

Wakuu nimerudi. Geji ya bomba imefungwa, oili tumeipasha vizuri. Sailensa bar 1.2, kwenye raundi 5,000 bar 4.7. Geji ya umeme wakati huo huo ilikuwa inasoma kama 0.3 sailensa. Tumechomoa sensa, ni ya waya mmoja, imezungushiwa teipu kama DadaPistoni alivyosema, tena nyingi. Tumeitoa yote tukasafisha nyuzi tukairudisha kavu, sasa geji zote mbili zinakaribiana. Siamini nilikuwa nakaribia kubadilisha oili kwa sababu ya teipu.

Kwa hiyo pampu iko sawa nadhani? Na nimeamua 5W-40 yenye A3/B4 kwa kila siku. Maswali mawili yaliyobaki, kwa traki nibadilishe kwenda 50 au hiyo hiyo inatosha? Na kuna mtu kanishauri niongeze kopo la zinki kwa sababu oili za kisasa zimepunguziwa.

---

GiaYaTano alijibu:

Hizo namba ni za injini yenye afya mkuu, hongera. Kuna kanuni ya zamani ya mafundi wa mbio, psi 10 kwa kila raundi 1,000, wewe kwenye 5,000 una zaidi ya psi 65. Lala usingizi.

---

Mvuke alijibu:

Zinki usiongeze. Hiyo habari ina ukweli ndani yake lakini inatumika vibaya. Kile kiongezo cha zinki na fosforasi ndo kinachotandaza ngao juu ya chuma pale utando wa oili unapokatika, na kweli kuanzia SM mwaka 2004 fosforasi ilibanwa isizidi 800 kwa milioni ili isiue kataliti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Lakini kibano hicho ni kwa uzito mwepesi, 0W-20, 5W-20, 0W-30, 5W-30, 10W-30. Oili za 40 na 50 hazikubanwa namna hiyo na nyingi za A3/B4 zinacheza kwenye 1,000 hivi. Ukichagua 5W-40 A3/B4 zinki yako imeshakuja ndani ya kopo. Waliotengeneza oili wamepima viongezo vyote vikae pamoja, sabuni, zinki, vizuia povu, ukimimina kopo lingine unavuruga mizani hiyo, na zinki ikizidi sana nayo inakula chuma.

Wenye shida halisi ya zinki ni wenye injini za zamani zaidi zenye kemshafti inayosugua tapeti bapa kwa spring ngumu, V8 za Marekani za miaka ya 60 na 70.

---

DadaPistoni alijibu:

Kuhusu traki, soma joto. Kama oili yako haivuki nyuzi 120 baada ya mizunguko kadhaa ya nguvu, baki na 5W-40 yenye HTHS kubwa. Ikifika 130, kabla hata ya 50 fikiria kupoza, rejeta ya oili yenye thamostati itakufaa zaidi kuliko kuongeza uzito. Ikiwa huwezi kuifunga kwa sasa basi 10W-50 kwa siku hizo ni sawa, mwaga ukirudi.

Lakini kuna jambo kwenye boksa linaua injini kuliko uchaguzi wa namba, nalo ni kiwango. Silinda zimelala ubavu, kwenye kona ndefu ya kasi oili inakimbilia kwenye hedi ya upande mmoja na hairudi haraka kwenye sampu, bomba la kunyonya linabaki hewani kwa sekunde moja, mbili. Sekunde hizo zinatosha. Injini nyingi zinazosemekana zimenoki kwa oili mbaya zilikuwa na oili nzuri, ila nusu ya kiwango. Alama mbili za dipstiki zimepishana kama lita moja, na ukiingia traki ukiwa alama ya chini umeshajipunguzia akiba yote. Pima asubuhi gari imelala sehemu tambarare, maana ukipima baada ya kuzima oili imepanda kwenye lile bomba la dipstiki na upande mmoja unasoma juu mwingine chini. Chomoa, futa, ingiza, chomoa tena, amini upande unaosoma chini. Traki nenda ukiwa alama ya juu, na ukirudi pitsi pima tena kila ukipumzika.

Filta nayo tumia ya Subaru au inayolingana nayo kweli. Valvu ya baipasi ya filta zao imepangwa kufunguka kwa presha kubwa kuliko filta nyingi zinazoingia kwenye nyuzi hizo hizo. Inafunga vizuri ndiyo, lakini haifanyi kazi sawa.

---

Fundi_Mkongwe alijibu:

Na usiikalie sana. Tabo, traki, kilomita 5,000 mwaga, usisubiri 10,000 iliyoandikwa kwenye kopo. Ikiwa nyeusi usiogope, inafanya kazi yake ya kusafisha, hasa mara hii ya kwanza unatoka kwenye minero, hii ya kwanza mwaga hata mapema zaidi, kwenye 2,000 au 3,000, maana itabeba uchafu wa miaka.

Filta ya kwanza ukiitoa ikate kwa kikata filta siyo msumeno, msumeno unaacha chenga zake mwenyewe. Kunjua ile karatasi juani. Masizi meusi ni kawaida. Ukiona vumbi la dhahabu au shaba linang'aa, hiyo ni beringi, simamisha gari.

---

Boksa99 aliandika:

Fundi shikamoo na asante, dada asante sana, Mvuke na GiaYaTano pia. Nimechukua 5W-40 A3/B4, karatasi yake inasema HTHS 3.8. Filta ya Subaru. Geji ya joto la oili nimeagiza. Nikikata filta ya kwanza nitaweka picha hapa mnisomee.

---

Mvuke alijibu:

Weka, na ukiweza peleka na sampuli ya oili maabara. Risasi na shaba vikipanda wakati chuma kimetulia ni beringi hata kama filta haijaonyesha kitu bado, silikoni ikipanda angalia filta ya hewa na mabomba yake, sodiamu na potasiamu ni maji ya rejeta. Sampuli usichukue mwanzoni wala mwishoni mwa kumwaga, acha itiririke kidogo ndo ukinge chupa katikati, oili ikiwa bado moto.